Kisanduku na Alama ya Mlataa

Kwenye televisheni, Kisanduku hakuzidi ukubwa wa kiberiti. Nchi nzima ilimwona kila jioni na hakuna aliyemtazama. Yuko pale chini kwenye kona, blauzi nyeusi, mikono inapanda na kushuka, huku msomaji wa habari, kijana mwenye sauti ya asali na tai mpya kila siku, akijimwaga katikati ya kioo. Wapo waliodhani anafukuza mbu. Jirani yake mwenye duka alimuuliza siku moja, bila ubaya wowote, kama ile kazi ya kupunga mikono inasomewa au mtu anazaliwa nayo.

Alizaliwa nayo, ukitaka ukweli. Kaka yake mkubwa, seremala, ni kiziwi tangu kuzaliwa, na dada mtu alijua kuomba maji kwa mkono kabla hajajua kuyaomba kwa mdomo. Ukalimani wa lugha ya alama aliusomea baadaye, akapata cheti, lakini cheti kilikuja kumkuta keshaiva.

Na jina lake alipewa na kaka huyo. Viziwi hawahangaiki na herufi zilizoandikwa kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Wanakutazama, wanakupima, kisha wanakupa alama yako, na ukishapewa umepewa. Kwenye karakana ya kaka yake yuko fundi aliyeanguka na ngazi enzi za ujana wake. Leo ana mvi na wajukuu, na jina lake bado ni Kuanguka. Dada mtu alipopata kazi televisheni, kaka yake alichora pembe nne ndogo hewani, karibu na bega la kushoto: kisanduku. Mtaa nao ukalidaka, ukaanza kulitamka kwa mdomo. Alijivunia jina lile kuliko kitambulisho cha kazi kilichoning'inia shingoni mwake, maana kitambulisho alipewa na ofisi, jina alipewa na wenyewe.

Sasa ikaja kashfa ya taa.

Serikali ilitangaza kwamba itamulika barabara zote za mji. Nguzo zikaletwa, zikasimikwa, zikapakwa rangi ya fedha, zikapendeza kweli kweli. Taa hazikuja. Watu wakasubiri wee, na giza likiingia wakawa wanajigonga kwenye nguzo zile zile. Waandishi walipomuuliza Waziri mhusika, mtu mwenye tumbo la heshima na kicheko cha karibu, alijibu kwa utulivu mkubwa: "Taa zipo. Ni macho ya wananchi tu ndiyo hayajazoea."

Jamani! Mtu mzima, tena na miwani usoni.

Wanablogu hawakumuacha hata amalize kikombe chake cha chai. Mji ukapata lugha mpya. Ofisa anayejaza kiti bila kufanya kazi akaitwa nguzo. Uongo wowote wa wakubwa ukawa zoeza macho, ukienda dukani ukakuta sukari imekwisha, mwenye duka anakwambia, "Ipo, zoeza macho." Wapo waume waliojaribu kuwajibu wake zao hivyo kuhusu pesa ya matumizi, wakalala na njaa. Na wale waliozimeza fedha za taa wakabandikwa neno lililowakaa kama suti ya kupimwa: walataa. Akiwa mmoja, mlataa. Wanablogu kadhaa walidai kwamba ndio waliolitunga, wakatukanana wao kwa wao kwa hasira ambayo hata Waziri hakuwahi kuionja.

Neno likasambaa mpaka msomaji wa habari akashindwa kulikwepa. Alilishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa nywele kwenye supu: "...wale ambao mitandaoni wamepachikwa jina la walataa." Akapita. Kule kwenye kona, Kisanduku akakwama. Alama hakuna. Ikabidi alitahajie kwa vidole, herufi baada ya herufi, na alipofika ile ya mwisho sauti ya asali ilikwishaingia kwenye michezo. Jioni hiyo viziwi wa nchi nzima walijulishwa kwamba timu ya taifa imekula taa.

"Na golikipa naye alikula?" kaka yake alimuuliza kwa mikono alipokwenda karakana Jumamosi. "Au yeye alizidaka tu?"

"Utanicheka ukishanipa alama," Kisanduku akamjibu.

Hakuwa anadeka. Mkalimani anayejiheshimu hatungi alama. Alama hutungwa na viziwi wenyewe, kisha yeye huzichukua na kwenda nazo kazini. Angeweza kubuni ya kwake mbele ya kioo cha chooni pale televisheni, na hakuna bosi ambaye angejua. Viziwi wangejua, na wangemwona kama mgeni anayepanga viti kwenye sebule ya watu.

Karakana ile ni ya viziwi watupu. Televisheni inakaa kwenye rafu, juu ya makopo ya gundi, imefunikwa vumbi la mbao, na ukitaka watu wakugeukie huiti: unazima na kuwasha taa. Kaka mtu akawasha na kuzima. Mashine zikasimama, mjadala ukaanza. Kuanguka alipendekeza mwizi kwanza, taa baadaye, giza mwishoni. Wakamkatalia, ilikuwa ndefu mno, mpaka uimalize mwizi mwenyewe ameshavuka mpaka. Mwingine akaleta ya mfuko uliotoboka. Ikaonekana inamhurumia mwizi.

Ndipo kaka mtu akaweka randa chini. Akainua mkono juu ya kichwa, akafungua balbu hewani taratibu, akaitia mdomoni. Akaimeza kwa shida, shingo ikarefuka kama ya kuku aliyemeza punje kubwa kuliko koo. Kisha akaweka ngumi tumboni na kuvifungua vidole vyote kwa pamoja: imewaka.

Karakana ililia kwa kicheko. Kicheko cha viziwi kina kelele zake, msije mkadhani ni watu wa kimya. Alama ikapita.

Jioni hiyo msomaji alipofika kwenye walataa, mikono ya Kisanduku ilipanda, ikafungua, ikameza, ikawasha. Na uso nao ulifanya kazi, kwa sababu katika lugha ya alama uso ndio sauti. Huwezi kumeza taa kwa uso wa msibani. Kwa mara ya kwanza tangu televisheni ile ianze kurusha matangazo, nchi ilitazama kwenye kona.

Wanablogu ndio waliomaliza kazi. Walikata kipande kile, wakakikuza mpaka Kisanduku akajaa kwenye simu za watu, akawa mkubwa kuliko hata msomaji mwenyewe, ambaye inasemekana alinuna. Watoto wakamezeshana taa uwanjani. Ofisa mmoja wa wizara aliingia sokoni kununua nyanya, wauza nyanya wakamwashia matumbo bila kusema neno, na huwezi kumshitaki mtu kwa kujishika tumbo.

Simu ikapigwa. Mhariri mkuu, mzee mpole mwenye chupa ya chai na presha, akamwita Kisanduku ofisini.

"Kaa, dada yangu. Chai?"

"Nimeshakunywa, bosi, asante."

"Wizarani wanasema yule mama wa kwenye kona anamtukana Mheshimiwa."

"Msomaji ndiye anayesema walataa. Mimi namfuata."

"Yeye anasema tu. Wewe unaila kabisa, mbele ya watoto!"

"Ndiyo alama yake, bosi. Sikuitunga mimi."

"Basi weka watuhumiwa. Neno zuri, halina tumbo." Mzee akakoroga chai yake, ambayo haikuwa na sukari ya kukoroga. "Kuna binti anamaliza chuo, anasomea hii hii kazi yako. Sitaki kumpigia simu. Unanielewa? Sitaki."

Kisanduku alielewa vizuri sana. Alikuwa na watoto shuleni, na mume wake alikuwa fundi rangi, kazi ya msimu. Mvua zikianza, nyumba nzima inamtegemea mama wa kwenye kona. Jioni ile akaweka watuhumiwa. Kesho yake akaweka watu fulani. Keshokutwa msomaji alisema walataa tena na tena katika habari moja, na mikono ya Kisanduku ikasema wahusika, wahusika, wahusika, kwa uso wa mtu anayesoma bei za saruji.

Sasa, msomaji yule alikuwa na kipaji kimoja ambacho Kisanduku alikisahau: alifungua mdomo vizuri. Mwenye macho haambiwi tazama, na kiziwi ni macho matupu. Kule karakana waliona mdomo unasema hivi na mikono inasema vile.

Jumamosi alikwenda kama kawaida yake, mkate kwapani. Kuanguka ndiye aliyemwona kwanza mlangoni. Akazima taa, akawasha, watu wakageuka, naye akawaambia nani amekuja. Hakuchora kisanduku. Aliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akasimama wima kama askari mstaafu anayepigwa picha.

Kisanduku aligeuka nyuma aone ni nani huyo mwenye jina hilo. Hapakuwa na mtu.

Iliuma. Nisiseme uongo kwamba alijikaza. Alihisi uso umewaka moto, akaweka mkate juu ya benchi la kupigia randa, akatoka bila kumsalimia yeyote. Kaka yake alimfuata mpaka nje.

"Wamenibadilishia jina," Kisanduku alimwambia.

"Ndiyo."

"Na wewe uliwaacha?"

"Mimi ndiye niliyelitoa."

"Kaka, watanifukuza kazi! Unajua nyumbani kwangu kulivyo."

"Najua, mdogo wangu. Kuogopa umeogopa, kila mtu ana woga wake, hatukukasirika kwa hilo." Kaka mtu alifuta vumbi la mbao kwenye nyusi. "Tumekasirika kwa sababu ulidhani hatuoni."

Njia nzima alifuta macho, akasingizia vumbi la mbao, ingawa alikuwa ameshafika mbali sana na karakana.

Wiki iliyofuata Waziri mwenyewe akaja televisheni kuhojiwa, matangazo ya moja kwa moja. Washauri wake, vijana waliosoma sana wakabaki na njaa ya kupandishwa cheo, walikuwa wamemwambia: Mheshimiwa, watu wanakucheka, nenda ukaongee lugha yao. Akaja na suti ya buluu na kicheko chake, akakaa, akavuta kiti karibu na msomaji. Kisanduku alisimama pembeni yao mbele ya kitambaa chake cha kijani, kile ambacho mitambo hukifuta ili abaki yeye tu kwenye kona. Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo alikaa mhariri mkuu na chupa ya chai.

Mambo yalianza salama. Nguzo zilisifiwa. Kisha Waziri akaigeukia kamera, akaweka mkono kifuani.

"Vijana wangu, mnadhani sijui mnavyoniita? Mnaniita mlataa."

Mikono ya Kisanduku ilikuwa tayari hewani. Mkalimani hana muda wa kukaa kitako na kutafakari. Yuko hatua moja tu nyuma ya maneno, na maneno hayamngoji. Lakini katika hatua hiyo moja alimwona yule binti wa chuoni, akaviona viatu vya shule vya wanawe, akamwona Kuanguka amesimama na mikono nyuma. Na akaona jambo jingine dogo: neno limetoka kinywani mwa Waziri. Akiweka mtuhumiwa, atakuwa amemwekea Mheshimiwa mdomoni neno ambalo hakulisema.

Mikono ikapanda. Ikafungua balbu taratibu. Akaimeza, shingo na yote, ikawaka tumboni mpaka vidole vikakosa pa kwenda.

Kule nyuma ya kioo mhariri mkuu alijishika kichwa. Waziri, ambaye kama wakubwa wengi alikuwa anajitazama kwenye skrini ya pembeni badala ya kumtazama anayemhoji, akaona.

"Hebu ngoja kwanza. Mama, ndiyo mimi huyo?"

"Ndiyo alama ya mlataa, Mheshimiwa," Kisanduku akasema kwa sauti. Watazamaji wengi hawakujua kwamba ana sauti.

Waziri akacheka mpaka kiti kikalia. "Inapendeza bwana! Sasa nataka niwaambie ndugu zangu viziwi mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, kwamba mimi si mlataa. Nifundishe."

Kisanduku alitazama kwenye kioo. Mzee wa watu alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu mpaka miwani ikawa inacheza.

"Mheshimiwa, una uhakika?"

"Mimi ni mtu wa watu, mama. Nifundishe!"

Basi akamfundisha, na alimfundisha kwa uaminifu, hakuruka kitu. "Unafungua taa juu hapo. Unaimeza. Inawaka tumboni. Halafu unatikisa kichwa: hapana."

Na kumbe mtu ana kipaji! Alifungua ile balbu kama aliyeizoea. Aliimeza kwa raha, hata hakuhitaji kurefusha shingo. Na tumboni, pale ambapo mafundi wa karakana walikuwa wanaigiza tu, yeye alikuwa na nafasi ya kutosha. Taa ikawaka ikamulika mpaka pembeni. Halafu akatikisa kichwa kwa dhati: hapana, hapana. Akamshukuru mwalimu wake, akarudi kuzisifu nguzo.

Usiku huo Waziri alilala akiwa na furaha. Lakini mwanablogu ni mtu mwenye mkasi na asiye na subira. Walikikata kipande kile pale pale kabla kichwa hakijatikisika. Asubuhi, kila simu mjini ilikuwa na Mheshimiwa, kwa mikono yake na tumbo lake, anafungua, anameza, anawaka. Anafungua, anameza, anawaka, hana mwisho. Akutukanaye hakuchagulii tusi, wahenga walisema, lakini huyu bwana tusi lake lilikuwa mezani, akalinyanyua, akalivaa, akageuka pande zote watu waone linavyomkaa.

"Bosi, nilimwambia atikise kichwa," Kisanduku alisema hata kabla hajaambiwa kaa.

"Na alikitikisa. Nimeitazama mpaka macho yameniuma." Mhariri mkuu alionekana amezeeka, ila mdomoni palikuwa na kitu kinachotaka kucheka na hakina ruhusa. "Wanataka nimfukuze aliyemfundisha. Nikawauliza, sababu niandike nini? Kwamba alimsaidia Waziri kukana tuhuma? Simu ikakatwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo unabaki, ila habari za jioni nakutoa. Nenda kwenye hali ya hewa. Mawingu hayana mtu wa kutupigia simu." Akamsogezea kikombe. "Leo utakunywa chai, utake usitake."

Akainywa. Hali ya hewa ni dakika chache tu na malipo yake ni ya dakika chache. Nyumbani ingebidi wajibane. Binti wa chuoni akaitwa, akapewa kisanduku cha kwenye kona. Jioni yake ya kwanza msomaji alisema walataa, na binti wa watu, bila kujua simu wala kesi yoyote, akafungua balbu, akameza, akawasha. Alama ilikwishafika chuoni, na ndivyo alivyofundishwa. Mhariri mkuu aliizima televisheni ya ofisini kwake akaenda kutembea.

Jumamosi Kisanduku alisita sana mlangoni pa karakana. Alikuwa na mkate, na alikuwa na habari za kupunguziwa kazi, na hakujua anaingia kwa jina gani. Ndani kulinukia gundi na mbao mbichi. Kuanguka alimwona, akaufikia ukuta, akazima taa, akawasha. Watu wote wakageuka. Safari hii Kuanguka hakusema ni nani aliyekuja. Alimtazama kaka mtu, amwachie mwenyewe.

Kaka yake aliweka randa chini, akapangusa mikono kwenye suruali. Kisha, karibu na bega la kushoto, akachora pembe nne ndogo.

Kisanduku akashusha pumzi, akanyanyua mguu aingie. Kaka yake akamwinulia kidole: ngoja. Akaipeleka ngumi katikati ya kile kisanduku alichokichora hewani, akaifungua polepole, kidole kwa kidole, mpaka vyote vikasimama. Ile taa ya tumboni, imetolewa tumboni, imewekwa kwenye kona.

Kisanduku alijipangusa macho kwa mkono uliokuwa na mkate, akamwomba kaka yake arudie, kwamba hakuiona vizuri.

"Ipo," kaka yake akamjibu. "Zoeza macho."